Daktari gani Arusha au Moshi anakubali kusimamia dawa za maumivu sugu? Wangu kahamishwa

Mgumu Mstaafu (mleta mada):

Wakuu habari za saa hizi, poleni na majukumu. Mimi ni chalii wa hapa Ngulelo, nilikua mgumu (mpagazi) mlima Kilimanjaro miaka kibao, saivi nipo dukani kwa shemeji tunauza vifaa vya simu kwasababu mgongo ulishakataa kazi. 2019 tulikua tunapandisha njia ya Machame, pale ukuta wa Barranco mvua imenyesha mawe yanateleza, mguu ukaenda nikadondoka na mzigo wote wa kilo 20 ule unaopimwa getini. Nikajikongoja mpaka kambini, nikashuka na wenzangu, nikajua ni misuli tu itaachia. Haikuachia. Baadae mguu wa kushoto ukaanza kuwaka moto kuanzia kwenye tako mpaka kidole gumba, MRI ikaonyesha diski ya mgongo imetoka inakandamiza mshipa wa fahamu, 2021 nikapasuliwa.

Upasuaji ulinirudishia kutembea, hapo namshukuru Mungu, ila maumivu hayakuisha na dokta alishaniambia mapema kwamba ule mshipa ulikandamizwa muda mrefu unaweza usirudi kama zamani. Akaniweka kwenye gabapentini (ya maumivu ya mishipa ya fahamu) usiku na tramadoli (ya maumivu, jamii moja na mofini) ya miligramu 50 asubuhi na jioni. Kwa hizo dawa nasimama dukani, nabeba mtoto, nalala. Sio kwamba sisikii, nasikia, ila ni maumivu ambayo mtu unaweza kuishi nayo ukaongea na wateja bila kuwakunjia sura.

Sasa huyu dokta kahamishiwa kanda ya ziwa. Aliyekaa kwenye kiti chake hata faili hakulifungua, kaangalia kile kikaratasi cha dawa akaniuliza mbele ya nesi na mama mmoja aliyekua anavaa viatu, "kijana hizi wanatumia mateja, nani alikuzoesha?" Nikamwambia nna kovu la upasuaji hapa nikuonyeshe, akasema sio lazima. Akaniandikia sindano za diklofenaki siku tano, na mimi nna vidonda vya tumbo, vimeandikwa kwenye faili hilohilo ambalo hakulifungua. Nikaenda hospitali nyingine ya kulipia, nimelipa ya kumuona daktari nikaambiwa sisi hapa tramadoli hatuandiki kwa mtu yeyote, ndio utaratibu wetu, jaribu kwingine. Hela hairudi.

Kwaiyo saivi nanunua duka moja la mtaani, wananipa bila cheti kwenye bahasha ya kaki, bei ya kuruka, na hata jina la kampuni silioni. Juzi kati waliishiwa siku chache. Siku ya pili nikaanza kutoka jasho, tumbo linaendesha, miguu haitulii kitandani, wife akajua malaria, tumepima hamna kitu.

Naomba mwenye kumjua daktari Arusha au Moshi ambaye anakubali kumchukua mgonjwa kama mimi akamsimamia, yani ajue hizi dawa, anipunguzie kama ni za kupunguza, anibadilishie kama kuna nzuri zaidi, mimi sina shida na hilo. Nna bima. Matusi sitaki, nimeshatukanwa vya kutosha.

Meku wa Kibosho:

Pole sana mwanangu. Hayo madawa ya hospitali yatakumaliza figo. Huku kwetu kuna mzee ana unga wa viungo, unachanganya kwenye uji kijiko kimoja asubuhi, mke wangu magoti yalikua hayakunji na baada ya siku mbili tu akashuka mwenyewe mpaka shambani. Njoo PM nikupe namba.

Mfamasia wa Kaloleni:

Mzee shikamoo. Sisemi kuhusu huyo mzee wako maana sijauona unga wake, ila kitu chochote kinachoondoa maumivu ya magoti ya miaka ndani ya siku mbili huwa nakiogopa, kwasababu kuna watu wanasaga deksamethasoni au predinisoloni (steroidi, dawa kali za kutuliza uvimbe) wanachanganya na majani. Mgonjwa anajisikia kijana, anakula, uso unajaa anaonekana kanawiri, kumbe sukari inapanda na presha inapanda na akiacha ghafla anaweza kuanguka. Mpeleke mama akapime sukari na presha, hata kama anajisikia vizuri. Ni kupima tu.

Haya mleta mada. Nipo nyuma ya kaunta ya famasi kila siku kwaiyo nikupe upande wetu kidogo. Tramadoli ni dawa ya cheti, na inauzwa famasi yenye mfamasia. Duka la dawa muhimu, yale maduka ya mtaani yenye vibali vya DLDM, hayaruhusiwi kuwa nayo kabisa. Akikuuzia anajua anachofanya ndio maana anakutolea kwenye ile pakiti yake, na hapo ndipo tatizo lako kubwa lilipo, kubwa kuliko hata bei. Hujui ni miligramu ngapi. Tramadoli ziko za 50, za 100, ziko hadi za 200 zinazoyeyuka taratibu, na mtaani zinazunguka nyingine za magendo ambazo zina kiwango kikubwa kuliko tunachoandikiwa kwenye famasi. Mwisho wa mtu mzima ni miligramu 400 kwa siku nzima, na ukizidisha inaleta degedege, nimeona kijana mzima wa boda kaanguka na povu mdomoni. Afu unachanganya na gabapentini, zote mbili zinalaza, ukiongeza na bia mbili tatu za weekend pumzi inaweza kushuka ukiwa usingizini hakuna atakayejua. Pombe achana nayo kabisa ukiwa kwenye hizi dawa, hata mbege ya msibani.

Kuhusu lile jasho na miguu kucheza: hiyo ni arosto, na inampata mtu yeyote aliyemeza tramadoli kila siku kwa muda mrefu, hata bibi wa kanisani. Mwili umezoea. Kuwa teja ni jambo jingine, mtu anameza zaidi ya alichoandikiwa, anadanganya, anauza TV ya nyumbani. Wewe unaomba mtu akupunguzie dozi. Sijawahi kuona teja anaomba hivyo. Ila usiache ghafla, inapunguzwa kidogo kidogo kwa wiki kadhaa.

Na acha hizo sindano za diklofenaki. Mwenye vidonda vya tumbo anaweza kutapika damu.

Mama Junior wa Soweto:

Pole baba. Mimi nipo Moshi, wa kwangu ana selimundu, ana miaka 17 sasa. Nakuelewa hapo kwenye kuambiwa teja maana mwanangu ameambiwa hivyo akiwa amejikunja kwenye benchi, analia, nesi anasema huyu mtoto anajua majina ya dawa mno, anaigiza. Sasa mtoto aliyelazwa tangu ana mwaka mmoja asijue majina ya dawa atajua nini?

Kilichotusaidia ni barua. Daktari wake wa kliniki alituandikia barua moja yenye mhuri, inasema jina, ugonjwa, dawa za kila siku (hidroksiyurea na foliki), na ikitokea maumivu makali huwa anapewa nini na kiasi gani na kwa muda gani, na dawa ipi imeshamletea shida. Nikaipeleka steshenari pale stendi wakaipiga laminesheni. Iko kwenye begi lake la shule. Sasa tukifika dharura usiku, hata daktari ni mwanafunzi wa mafunzo kazini, namkabidhi ile kitu kabla sijafungua mdomo. Hawabishani na mhuri. Mimi mama mzima nikieleza wanaona nalia tu, mhuri unaeleza vizuri kuliko mimi hahaha.

Kwaiyo mtafute huyo dokta wako aliyehama kabla hajakusahau. Hata kwa simu. Akuandikie.

Jirani wa Sakina:

Mnisamehe ila mi naona madaktari wanabebeshwa lawama. Brother angu alivunjika nyonga kwa pikipiki akaanza na tramadoli hivihivi za maumivu ya kweli, mwaka ulivyoisha anameza vidonge kumi anasema asipomeza hawezi kuongea, baadae akahamia kwenye heroini, ile ya kuvuta. Leo hii yupo Dar anakunywa methadoni, dawa ya kumtoa kwenye heroini, kila siku asubuhi pale Muhimbili, tena tunashukuru ipo. Huyo daktari anayemwandikia mtu asiyemjua anajuaje huyu ni mgumu mstaafu na yule ni brother angu? Wote wana kovu. Mleta mada usikasirike, ila mtu akikukatalia sio kila mara anakudharau.

Mgumu Mstaafu (mleta mada):

Sijakasirika kaka, pole kwa brother. Ila angefungua faili basi.

Nesi mstaarabu:

Nimesubiri wengine waongee. Nimefanya tiba shufaa (ya kupunguza maumivu na mateso ya wagonjwa) muda mrefu huku kaskazini, hospitali yangu sitaitaja.

Jirani wa Sakina ana hoja na nisingependa tuipite. Daktari anayekutana na wewe kwa mara ya kwanza, foleni ya watu arobaini nje, unamtajia jina la dawa na miligramu, anachosikia ni hatari ya leseni yake. Sheria ya kudhibiti dawa za kulevya ya 2015 ni kali na wengi wao chuoni walifundishwa kuogopa dawa za maumivu kuliko walivyofundishwa kuzitumia. Kwaiyo ukiingia, usianze na tramadoli. Anza na mguu. Mwambie unawaka wapi, unaanzia wapi unaishia wapi, unasimama muda gani kabla hujatafuta kiti, unaamka usiku mara ngapi. Afu mwambie nilipasuliwa mwaka fulani, karatasi hizi hapa, daktari wangu amehama, natafuta daktari mmoja wa kunifuatilia. Dawa ziache azione mwenyewe kwenye karatasi. Yani unamwomba akuchukue uwe mgonjwa wake, na ukimwambia kabisa kwamba uko tayari kuhesabiwa vidonge, kuchukua famasi moja tu, kurudi kila mwezi, utaona mabega yake yanashuka.

Sasa karatasi. Nenda pale ulipopasuliwa, usiende kwa yule daktari, nenda kitengo cha kumbukumbu uombe muhtasari wa matibabu yako. Ni taarifa zako, unaandika barua fupi unalipia kopi basi. Uwe na ripoti ya upasuaji, ripoti ya MRI na ile picha yenyewe (wengi wanabeba picha bila ripoti, au ripoti bila picha), na popote palipoandikwa vidonda vya tumbo. Omba pia upimwe figo, kreatinini, kwasababu gabapentini inatoka kwa njia ya figo na kama haziko sawa dozi inashushwa. Yule anayesema dawa zinamaliza figo, zinazosumbua figo hasa ni hizi za jamii ya diklofenaki na ibuprofeni ambazo watu wanakula kama karanga kwasababu hazihitaji maelezo.

Daktari wa aina gani? Watu wanakimbilia bingwa wa mifupa, na wa mifupa akishaona hakuna cha kupasua tena anakua hana kazi na wewe. Madaktari wa ganzi na usingizi ndio wanaozijua hizi dawa kwa vidole, wengine wanafanya na sindano za mgongoni karibu na mshipa wa fahamu. Na kuna sisi wa tiba shufaa. Najua utasema mimi sina kansa. Watu wengi Arusha wakiona gari la hospisi limesimama kwa jirani wanaanza kuuliza msiba lini, kumbe timu imekuja kurekebisha dozi na kumfundisha mke wake namna ya kumgeuza kitandani. Hospitali ya Selian pale Ngaramtoni wana hiyo huduma tangu 1999, na KCMC huko Moshi wanayo pia. Nenda ukaulize. Hata wasipokuchukua moja kwa moja, wao wanajua daktari gani wa eneo hili haogopi kalamu, na maneno "nimetumwa na watu wa tiba shufaa" yanafungua mlango tofauti na "nimetoka mtaani". Kwa KCMC kumbuka ni hospitali ya rufaa ya kanda, ukitaka bima ikulipie beba barua ya rufaa, kwa Arusha unaweza kuanzia hospitali ya Mount Meru wakakuandikia.

Nikuambie jinsi tunavyofikiri ili usishangae akikubadilishia. Shirika la Afya Duniani lilitoa ngazi yake ya maumivu 1986, kwa ajili ya kansa, chini kuna parasetamoli na wenzake, katikati kodeini na tramadoli, juu mofini. Watu wanadhani kila maumivu sugu lazima yapande hiyo ngazi mpaka juu. Maumivu yako ya kuwaka ni ya mshipa, na maumivu ya mshipa huwa hayajali sana hizo ngazi, yanasikia zaidi dawa kama gabapentini au amitriptilini dozi ndogo ya usiku, miligramu 10 au 25. Sasa mtu akienda famasi akiambiwa amitriptilini ni ya sonona anairudisha akisema mimi sio kichaa. Inatumika kwa mishipa pia, ni kitu cha kawaida, ila inachukua wiki kadhaa kuonyesha kazi na siku za mwanzo utaamka mdomo mkavu na kichwa kizito. Lakini usijianzishie mwenyewe juu ya tramadoli, hizo mbili pamoja zinaongeza ule uwezekano wa degedege, daktari atapanga ipi ishuke ipi ipande. Inawezekana kabisa dozi ya gabapentini yako ni ndogo tu na ikipandishwa tramadoli unaiacha bila kelele. Au usiache. Kuna watu wanabaki nayo miaka kwa dozi ileile na wanaenda kazini.

Na fizio rudia, hata kama ulishafanya baada ya upasuaji. Najua inaudhi kusikia.

Kitu kimoja nakuomba usikisubirishe hata siku moja: ukisikia ganzi katikati ya mapaja pale unapokalia, au mkojo unagoma kutoka, au unatoka wenyewe, au mguu unalegea unaburuza, hiyo sio ya kutafuta daktari mpole. Nenda dharura siku hiyohiyo, popote, hata usiku.

Mgumu Mstaafu (mleta mada):

Dada mungu akubariki, na mama Junior, na mfamasia. Kumbe hiyo ya kumbukumbu sikua najua kama naweza kwenda mwenyewe, nilikua nadhani faili ni mali ya dokta. Ntaenda wiki hii. Dokta wangu wa zamani nimepata namba yake kwa nesi wa wodini, amejibu ameandika "tuma jina kamili na namba ya faili", angalau.

Sasa mfamasia nna swali. Hapa nilipo nna vidonge vya siku nne hivi kwenye hiyo bahasha. Mpaka nipate hizo karatasi, mpaka nipate rufaa, naweza kupita wiki mbili. Nafanyaje hapo katikati? Nisidanganye, ntarudi kulekule dukani.

Mfamasia wa Kaloleni:

Usirudi kulekule. Kesho asubuhi nenda Mount Meru au kituo cha afya chochote cha serikali chenye daktari, beba hata hiyo karatasi ya zamani ya dawa na bahasha yenyewe, wala usiifiche, mwambie ukweli kwamba natumia kila siku, zinaisha siku nne, nimeshaanza kupata arosto nilipokosa, naomba za kunivusha wiki mbili wakati nasubiri rufaa. Ombi la wiki mbili lina mwisho, daktari anaandika kirahisi kuliko ombi la maisha. Akikuandikia, njoo famasi moja na ubaki hapohapo. Mimi mgonjwa wangu wa kudumu namfahamu, cheti chake nakibakiza, tarehe naandika kwenye rejista, akija mapema kabla ya siku yake namuuliza kulikoni, na daktari wake akinipigia namwambia huyu hajawahi kunisumbua. Hiyo simu ina thamani, wengi hamjui kama tunapigiana.

Ikishindikana kabisa, zile ulizonazo zisambaze, usimalize zote kwa siku nne halafu ukae sifuri. Ukiwa na asubuhi na jioni, anza kuacha ile ambayo unaihitaji kidogo, baki na moja. Ongeza parasetamoli, mbili mbili kila baada ya saa sita, zisizidi nane za 500 kwa siku, na kama kuna ya mafua ndani ina parasetamoli pia hesabu humohumo. Na hiyo gabapentini usiache kwa pamoja na tramadoli.

Meku wa Kibosho:

Mfamasia nimempeleka mama zahanati leo. Presha 170 juu. Sukari wamesema turudi kesho hajala kitu. Huo unga nimeuweka kando kwanza.

Mfamasia wa Kaloleni:

Mzee umefanya vizuri. Kesho nenda na huo unga kwenye kikopo ukawaonyeshe, na uwaambie ameutumia muda gani, hiyo ni muhimu. Kama ni wa muda mrefu asiukatishe kwa ghafla mpaka wamwambie, kutokana na nilichoeleza hapo juu.

Mama Junior wa Soweto:

Mleta mada ukija KCMC usipande Kosta ukakalishwa kile kiti cha nyuma juu ya tairi, mgongo utakuja umeisha kabla hujaonana na daktari. Lipia cha mbele karibu na dereva, Boma Ng'ombe wanaposimama kupakia shuka unyooke kidogo, konda atapiga kelele mwache apige. Stendi ya Moshi daladala za KCMC zipo muda wote. Fika mapema, saa moja asubuhi uwe umeshakaa kwenye benchi, na uje na chakula maana foleni ya bima peke yake ni mada nyingine.